Kihisi cha Tatu

Saa nane na robo usiku simu ikalia:
Kihisi 3, hewa mbaya.
Basi.
Mbaya wapi, haikusema.

Nilikimbilia jikoni, maana jikoni husingiziwa kila kitu.
Jiko la mkaa lilikuwa limelala fofofo ndani ya majivu yake.
Nikanusa stoo. Nikanusa sebule.
Nikasimama koridoni na tochi mkononi
kama mwizi aliyepotea nyumbani kwake.

Mbeleje ndiye aliyesikia kikohozi.
Chumba cha Sechelela: dirisha limeachia upana wa kidole,
na kwa upana huo upepo wa Agosti
ulikuwa unaihamishia Ihumwa yote kitandani,
barabara inayochongwa, viwanja visivyo na nyasi,
vumbi jekundu juu ya neti, juu ya kope,
na kifua cha miaka saba kikipiga filimbi.

Asubuhi, dawa ya kuvuta ikiwa imekwisha fanya kazi yake,
nilifungua programu nikasoma orodha
niliyoiandika mwenyewe:

Kihisi 3
kihisi_kipya
KihisiKipya2
hewa sebule
SEBULE HEWA (hiki kiko stoo)
jaribio
jaribio USIFUTE

Na mimi ndiye ninayelipwa, kule Mtumba,
kunyoosha majedwali ya wengine.

Chilewa alicheka mpaka chai ikamwagika:
"Hawa uliwabatiza ukiwa na usingizi."
Kwao shangazi mmoja aliitwa Nzala
kwa kuwa alizaliwa mwaka wa njaa.
Jina gumu, lakini lilisema kitu.
Hakuna aliyemwita Mtoto Kipya Mbili.

Nikaweka sheria: mahali kwanza,
halafu kinachopimwa,
herufi ndogo zote, kila mara,
hata siku nitakayokuwa na haraka,
hasa siku hiyo.

jikoni moshi.
sebule joto.
stoo unyevu.

Tukakwama kwenye chumba cha mtoto.
Nikiandika jina lake, alisema Chilewa,
siku akienda bweni Kondoa jina litabaki linamngoja.
Kama kituo chetu, nikasema, watu bado wanashuka "Mkaani"
na pale pana duka la dawa mwaka wa nne sasa;
geti letu lina namba safi ya buluu
ambayo hakuna bodaboda aliyewahi kuisoma.

Mbeleje alikuwa anakung'uta neti uani.
Nikamuuliza: ukiamshwa usiku, neno gani litakupeleka?
"Chumba cha dirisha bovu," akasema, bila kugeuka.
Na hii, nikamwonyesha, pm mbili nukta tano?
"Ndiyo nini?"
Vumbi. Lile dogo, lisiloonekana.
"Si uandike vumbi."

Nikaandika vumbi.

Wahenga walisema jina jema hung'ara gizani.
Sikujua kama walifikiria kioo cha simu
saa nane na robo, macho yakiwa nusu,
mguu mmoja ukitafuta kandambili.

Jumamosi fundi Makasi alikuja na patasi,
akaranda ubao, akapigilia, dirisha likafunga vizuri.
Jina sikulibadilisha.
chumba dirisha bovu, vumbi:
mgeni atasema tunadanganya,
sisi tunajua pa kukimbilia.

Vyote sasa vina majina, isipokuwa kimoja.
jaribio USIFUTE.
Nimepanda juu ya dari, nimepapasa nyuma ya friji,
nimefungua hata sanduku la nguo za harusi.
Sikioni.
Lakini kila baada ya dakika tano kinatuma,
kutoka mahali fulani ndani ya nyumba hii hii,
hewa safi.
Hewa safi.
Hewa safi.